Kihenge cha Wote, Mfuko wa Mmoja



Limezuka kati ya wataalamu neno moja ambalo yafaa Wakristo walitafakari, nalo ni hili: ya kuwa chakula ndicho kinachofinyanga mwenendo wa watu. Husema, nionyeshe nafaka inayolimwa katika nchi fulani, nami nitakuambia kama wenyeji wake huishi kwa kushikamana au kila mtu kwa nafsi yake. Si neno la kuchekwa. Mwaka 2014 Mmarekani mmoja, Thomas Talhelm, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi walioufanya huko China kwa kuwapima wanafunzi 1,162 katika sehemu sita za nchi ile. Waliona kwamba waliotoka kusini, kwenye mpunga, walielekea zaidi kuwaza kwa kutazama ukoo na urafiki. Na waliotoka kaskazini, kwenye ngano, walielekea zaidi kuwaza kama mtu mmoja mmoja. Sababu waliyoitoa ni ya kawaida kabisa, hata mkulima asiyejua kusoma aweza kuielewa. Mpunga wa mifereji haulimwi na mtu wa peke yake. Maji ni ya kijiji kizima, kazi yake ni karibu maradufu ya kazi ya ngano, na mwenye kufungulia maji kwa saa isiyo yake huwaharibia majirani. Ngano huridhika na mvua ya Mungu, na mwenye nayo hana haja ya kumbembeleza mtu.

Basi, tulichukue neno hili na kulipeleka katika sehemu moja ya nchi yetu, tuone kama litasimama. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao yake yakawekwa Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta humo watu zaidi ya milioni mbili, wengi wao Wasukuma, ambao wale wa Bariadi huitwa Wanyantuzu. Chakula chao cha asili ni mtama na uwele, kisha yakaja mahindi. Wana viazi vitamu, ambavyo hukatwa vibichi na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vianikwe vikawa matobolwa, akiba ya kiangazi. Wana majani ya kunde yaliyokaushwa, yaani nsansa, ambayo yakiungwa kwa karanga mgeni husahau kuulizia nyama. Wana maziwa, na dagaa kutoka ziwani upande wa Busega. Tena wana mpunga.

Je, mpunga umewafanya Wasukuma wawe kama Wachina wa kusini? Jaruba la Maswa au la Bariadi ni kitu kingine. Ni tuta la udongo ambalo mwenye shamba hulijenga kuzunguka kipande chake, ili kuyakinga maji ya mvua yateremkayo kutoka mwinukoni. Jirani wa juu aweza kukunyima maji, au aweza kukumwagia yote kwa mara moja, lakini shauri hilo huishia kwa wazee wawili watatu. Na mpunga wenyewe, sehemu kubwa huuzwa. Ila mtama, nafaka inayoridhika na mvua kama ngano, ambayo kwa kanuni ya wataalamu ingewafanya kuwa watu wa kila mtu na lake, ndio uliolimwa kwa makundi na kwa ngoma! Tutazame vilevile Kilimanjaro, ambako mfongo wa maji huchimbwa na kusafishwa na ukoo mzima, lakini kihamba chenye migomba kina mwenyewe, na ole wake mtu atakayeusogeza mpaka. Watu wale wale, mgomba ule ule, huishi kwa ushirika asubuhi na kwa umiliki jioni.

Kwa hiyo sisi twasema ya kuwa chakula chaweza kumwita mtu kwenye umoja, wala hakiwezi kumlazimisha. Palipo na utashi wa binadamu, nafaka si mfalme.

Zamani vijana wa kijiji cha Usukuma, wale basumba, waliitwa na kiongozi wao, nsumba ntale, wakaenda kulima shamba la mtu aliyewaomba. Majembe yalipanda na kushuka kwa mlio wa ngoma. Hata leo ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe mikononi. Malipo yao yalikuwa kula pamoja. Jioni wanaume na wavulana walikaa shikome, kwenye moto wa uani, wakala, wakasikiliza mausia ya wazee. Mvulana yatima hakuhitaji kubisha hodi mlangoni mwa mtu. Alikwenda tu motoni akanawa mikono. Kadhalika mwenye ng'ombe wengi aliwaweka wengine kwa ndugu na rafiki, na yule aliyewekewa aliwakamua, watoto wake wakanywa maziwa ya mifugo isiyo yao. Hii ndiyo hekima iliyowalea wazee wetu, nasi hatuna budi kuiheshimu.

Lakini tusiisifu mpaka tukadanganyana. Umoja ule ulikuwa na jicho kali kwa aliyejitenga au aliyezidi wenzake, na aliyekuwa na kihenge kilichojaa wakati wa njaa aliweza kuulizwa amekijaza kwa dawa gani. Na lipo jambo la aibu ambalo gazeti la Kikristo haliwezi kulifunika. Katika nchi ya Usukuma wamekatwa kwa mapanga akina bibi wengi, wakishukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Na wekundu ule umetoka wapi? Umetokana na moshi wa jikoni, na hasa moshi wa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, ambayo huwashwa mahali penye uhaba wa kuni. Mwanamke amewapikia watu maisha yake yote, na moshi wa chakula chao ukawa ndio shahidi wa kumhukumu. Mwenye kudhani kwamba kila kinachofanywa na kundi ni chema, kwa kuwa tu kimefanywa na kundi, na alitafakari hilo.

Kisha ikaja pamba. Pamba hailiwi, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtama ukivunwa huingia kihengeni, na kihenge kiko uani, mama akipanda na kuchota huonekana, na watoto hujua kimebaki nusu au kimebaki robo. Hesabu ya nyumba iko wazi kwa wote. Pamba hulimwa na wote, hupaliliwa na wote, huchumwa hasa na akina mama na watoto, lakini ikifika kwenye mizani hugeuka kuwa noti, na noti huingia katika mfuko wa suruali moja. Kutoka hapo haionekani tena. Kihenge hakina kufuli wala hakikulihitaji. Mfuko hauna haja ya kufuli, maana hakuna athubutuye kuuchungulia. Hatusemi pamba ni mbaya, hasha! Pamba imeezeka nyumba kwa mabati, imesomesha, imenunua majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na kwa miaka mingi Simiyu imetangulia mikoa mingine yote kwa zao hilo. Twasema tu kwamba ilileta ndani ya nyumba kitu kisichokuwamo, yaani mali iliyotokana na jasho la kumi na kushikwa na mkono wa mmoja. Kila mtu wa Bariadi anajua nyimbo za msimu wa mauzo, na anajua pia jinsi pombe inavyochangamka, na jinsi wengine wanavyoanza kuulizia mke mwingine kabla hawajanunua chumvi.

Wakulima hawakulala. Walipoona kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi walijifungamanisha, na mwaka 1955 likasimama shirikisho la vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, lililokuwa kati ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Hapa mtu alibaki na shamba lake na pamba yake, akaungana na mwenzake mahali pale tu alipokuwa dhaifu, yaani kwenye mizani na sokoni. Waama, huo ulikuwa umoja wenye akili. Baadaye vyama vile viliingiwa na ubadhirifu, na mwaka 1976 Serikali ikavivunja. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Na miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi wa watu binafsi. Vimepanda, vimeshuka, na hadithi yao haijaisha.

Kati ya hayo kulipita jaribio jingine kubwa zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu walihimizwa kuishi na kulima pamoja, na kuanzia miaka ya 1973 na 1974 kuhimizwa kukageuka kuwa kuhamishwa. Kaya za Kisukuma, zilizozoea kukaa mbalimbali, kila moja na malisho yake, zilipangwa kwa mistari. Ukame ulikuja miaka hiyo hiyo, na nchi ikalazimika kununua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Nia ya Mwalimu Nyerere ilikuwa njema, naye alikuwa Mkatoliki wa kusali Misa kila siku alipoweza. Lakini mtu aliyeswagwa kwenda kwenye undugu huenda na miguu tu, moyo anauacha kwenye mahame.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha hatari hiyo mapema sana. Twapenda kumsifu Yosefu, mwana wa Yakobo, kwa kuweka akiba katika miaka saba ya shibe, na ni haki kumsifu. Lakini wachache husoma mpaka sura ya 47 ya Kitabu cha Mwanzo. Njaa ilipozidi, Wamisri walitoa fedha zao wapate nafaka. Zilipokwisha wakatoa mifugo. Mwisho wakatoa mashamba yao na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Ghala la wote likawa la Farao. Hawakufa njaa, ni kweli. Ila vizazi vilivyofuata viliamka vikikuta ardhi si yao, na baadaye wana wa Israeli wenyewe wakafyatua matofali chini ya fimbo.

Kanisa, kama mama, limekataa njia hizi mbili zote. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitetea haki ya mtu kumiliki kipande chake cha ardhi, maana baba bila kitu chake hawezi kuwalinda wanawe. Papa Pius XI mwaka 1931 alifundisha ya kuwa ni kosa kwa chama kikubwa kunyakua kazi ambayo chama kidogo, hata familia, chaweza kuifanya chenyewe. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ukasema kinaganaga kwamba vitu vya dunia viliumbwa kwa ajili ya watu wote, na mwenye mali aihesabu kuwa ni yake na tena si yake peke yake. Maneno haya huonekana kama yanapingana mpaka mtu ayaone yakitembea.

Nayo yametembea hapa hapa. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kukinga sehemu ya malisho isiliwe na mifugo wakati wa masika, ili majani yawepo kiangazi kinapouma. Wakati wa kuhamishwa vijijini ngitili nyingi zilikufa, kwa kuwa wenyewe waliziacha nyuma. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga, ambao ulihusu pia Bariadi, Maswa na Meatu za siku hizo. Badala ya kuleta amri mpya, ulirudi kwenye desturi ya wenyeji. Ngitili zilirudi, nyingine za kaya moja, nyingine za kijiji au za shule, zote chini ya sheria zilizotungwa na wanakijiji. Na baada ya miaka kama 18 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. Miti ilichipua kwenye jangwa. Kuni, dawa, asali na matunda ya porini vikarudi mezani. Ya kaya ni ya kaya, ya kijiji ni ya kijiji, na hakuna aliyemwita mwenzake bepari wala mchawi.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana huko ndiko tulikokuwa tukielekea tangu mwanzo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Na msomaji akidhani wamedumaa kwa sababu ya ukame, atazame ni mikoa ipi iliyotangulia: Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto au zaidi wamedumaa, nayo ndiyo mikoa inayolisha miji yetu kwa mahindi! Ghala limejaa na mtoto amesinyaa. Simiyu nako dengu na choroko huvunwa kwa wingi, nafaka za kunde ambazo zingemjenga mtoto mifupa na damu. Lakini hupakiwa katika malori, nyingi zikafika India, huku mtoto wa mkulima akipewa uji mweupe mara mbili kwa siku. Kuuza si dhambi. Kuuza mpaka punje ya mwisho, kisha fedha isirudi jikoni hata kwa sura ya kibaba cha karanga, hiyo tuiite kwa jina gani?

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kungoja chakula kimoja kikubwa cha jioni kama baba yake. Huhitaji kidogo kidogo mara nyingi, na mtu wa kumpa. Lakini mama yuko shambani kwenye pamba tangu alfajiri. Hapo waonekana wote wawili, ubinafsi na ujumla, wakimla mtoto mmoja. Ubinafsi wa baba humnyima fedha, na ule ujumla wa sahani moja kubwa, ambao twausifu sana, humshindanisha na kaka zake wenye vidole virefu. Nyama huliwa na wepesi. Wazee wetu wa kiume watusamehe, lakini desturi ya kumpelekea baba minofu na kuwaachia watoto mchuzi haikuandikwa katika Amri Kumi za Mungu.

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii Korinto. Waumini walikusanyika kwa karamu ya Bwana, lakini wenye nacho walitangulia, wakala vyao wakashiba hata wakalewa, na maskini waliochelewa, ambao huenda wengi wao walikuwa watumwa waliokuwa bado kazini, wakakuta sahani tupu. Paulo aliwakemea kwa ukali ambao hakuutumia mahali pengi. Angalieni, ndugu, Paulo hakusema kwamba ugomvi ulitoka kwenye nafaka. Tajiri na maskini wa Korinto waliitwa kwenye mkate mmoja. Paulo hakuwaambia wabadili zao, wala hakuamuru nyumba za matajiri zitwaliwe. Aliwaagiza wangojane. Na alilifunga agizo hilo dogo, ambalo mama yeyote huwapa watoto wake, pamoja na fumbo kuu la Mwili wa Bwana, akionya kwamba mwenye kumsahau mwenye njaa hujilia hukumu altareni.

Yatupasa kuuliza, basi, katika nyumba ya mkulima wa pamba anangojewa nani? Siku fedha ilipotoka, kabla baba hajaufunga mfuko, je, mama amekaa naye wakahesabu pamoja debe ngapi za mahindi zabaki, gunia gani la dengu haliuzwi, na shilingi ngapi ni za karanga na mafuta mpaka mavuno mengine? Wako wanaume wa Bariadi wafanyao hivyo, tena si wachache, wala hawajapungukiwa heshima kwa wenzao.

Kadhalika katika vyama vya msingi vya wakulima, na katika jumuiya zetu ndogondogo za Kikristo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya sita, chasimulia jinsi wajane wa upande wa Wayunani walivyosahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Huo ndio ugomvi wa kwanza wa ndani wa Kanisa ulioandikwa kirefu hivyo, nao ulikuwa wa chakula. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo, na ukiyasoma majina yao, kuanzia Stefano na Filipo, utaona yote saba ni ya Kiyunani. Inaelekea waliopewa kijiko ni wa upande ule ule uliokuwa umenyimwa. Tukihesabu kamati zinazokaa mezani siku ya mizani, ni akina mama wangapi walioketi karibu kiasi cha kuusoma mshale?

Huko Kisesa, karibu na Mwanza, tangu miaka ya 1950 Sikukuu ya Mwili wa Kristo imekuwa pia sikukuu ya ngoma, iitwayo Bulabo, yaani maua, ambapo Bagalu na Bagika hushindana mbele ya umati. Sikukuu hiyo huangukia mwishoni mwa Mei au ndani ya mwezi wa Juni, na msimu wa kununua pamba nao hufunguliwa karibu na Mei. Kwa hiyo katika parokia za Simiyu Ekaristi huchukuliwa kwa maandamano katika majuma yale yale ambayo fedha inaingia mifukoni. Twawaomba maparoko na viongozi wa walei wafikirie jambo moja. Dengu, choroko, karanga na maziwa yaletwayo kama sadaka Jumapili ile yasipigwe mnada yote. Baada ya Misa yapikwe hapo hapo uwanjani, na watoto walio chini ya miaka mitano walishwe kwanza, kila mmoja katika bakuli lake, baba zao wakiwa ndio wenye kushika miiko.